Reli Ikija, Itakula Nini?

Maneno haya niliyasema Mtwara mjini, mbele ya wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, wasafirishaji, mama lishe na wanafunzi waliokuja kusikiliza habari za reli ya kusini, ile inayopangwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Wengi walitaka kufika wakashindwa, hasa wa Newala na Liwale, nao wameniomba niyaweke mahali wayasome. Haya hapa, karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha. Hata ukumbini zilikuwa hazionekani kwa jua la dirishani.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, habari za asubuhi. Vijana, mambo vipi? Naona tumechelewa kuanza. Msione haya. Mimi nimezeekea kwenye reli. Kusubiri ndiyo kazi niliyosomea.

Mwenyekiti aliponipigia simu alikuwa na swali moja tu. "Mzee, reli yetu inakuja lini?" Nikamwambia hilo mimi siwezi kulisemea, ni mstaafu, sina muhuri wala ofisi. Lakini nikamwambia kwamba huku kusini tumelizoea mno swali hilo, tunalirithishana baba kwa mwana, na liko jingine hatuliulizi kabisa. Reli ikija, itakula nini?

Maana reli hula, ndugu zangu. Hula mzigo. Hula asubuhi, hula usiku, hula Jumapili na sikukuu. Treni ikisimama kwa kukosa mzigo, mshahara wa dereva hausimami, kutu haisimami, nyasi za kwenye tuta hazisimami. Na sisi wa Mtwara na Lindi hatuna haja ya kusimuliwa na wageni habari za reli iliyokufa kwa njaa. Kaburi lake liko kwetu.

Wangapi humu mmewahi kuliona tuta la reli ya zamani? Inueni mikono. Naam, wengi. Sasa, wangapi mmeiona treni yenyewe, kwa macho yenu, huku kusini? Babu pale, na mzee wa kofia. Wawili. Wawili katika ukumbi mzima.

Vijana, nisikilizeni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na shida kubwa ya mafuta: mafuta ya kula, ya sabuni, ya majarini. Mwaka 1946 wakatumwa watu kuja kutazama ardhi ya Afrika, wakarudi na mpango wa kulima karanga ekari milioni 3 na laki mbili na ushee. Mkisikia habari hizo mnasikia Kongwa, Kongwa, Kongwa. Kongwa ndiko kulikopata jina. Lakini kwenye karatasi za mpango, shamba kubwa kuliko yote lilikuwa letu, Jimbo la Kusini: ekari 1,650,000. Zaidi ya nusu ya mpango mzima, na makao yake Nachingwea.

Basi karanga zikishalimwa Nachingwea zitafikaje baharini? Barabara ya maana haikuwapo. Ikajengwa reli, geji ya mita moja, yaani mita moja kati ya chuma na chuma, kuanzia Mkwaya, pale kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikapanda bonde la Lukuledi hadi Nachingwea. Mwaka 1949 treni zikaanza kufika huko. Lakini Mkwaya ilikuwa bandari ya kujishikiza tu. Maji marefu yako hapa, Mtwara, kwa hiyo gati la kudumu likajengwa hapa na reli ikavutwa kutoka hapa ikaenda kukutana na ile ya Mkwaya pale Ruo. Baadaye likatoka na tawi la Masasi.

Sasa zitazameni tarehe, kwa sababu historia yote iko humo. Serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta mpango wa karanga Januari 1951, baada ya pauni zaidi ya milioni 30 kuteketea. Gati la Mtwara likafunguliwa lini? 1954. Mmeliona hilo? Miaka mitatu baada ya mzigo kufutwa, bandari ya mzigo huo ndiyo inafunguliwa! Mlango umekamilika, mwenye nyumba ameshahama.

Reli iliendelea kutembea. Ilibeba korosho, ilibeba mbao, ilibeba watu na vikapu vyao. Lakini tumbo lake lilikuwa limepimwa kwa karanga za ekari milioni moja na nusu. Nilipokuwa kijana nilikaa na mzee mmoja wa Nachingwea aliyewahi kuwa kibarua stesheni. Aliniambia gadi wa treni alikuwa na daftari la kuandika mabehewa, kila behewa na kilichomo. Treni ya kurudi pwani ikipangwa, gadi anaanzia behewa la kwanza, anaandika "tupu". La pili, "tupu". Mzee akasema: "Baadaye akaacha kuandika, mwanangu. Anaandika tupu pale juu, halafu anapiga mstari mmoja mrefu mpaka chini."

Tukapata Uhuru 1961, na mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya sitini reli ikafungwa. Haikuishia kufungwa, iling'olewa. Shule niliyosoma mimi kengele yake ilikuwa kipande cha reli, kimening'inizwa kwa waya kwenye mkorosho, na kinagongwa kwa boliti kubwa yenye kutu. Zamu yangu ya kugonga ilipofika mkono ulikuwa unakufa ganzi mpaka begani. Chuma kizuri kile. Sheffield au wapi huko, sijui, ila kilikuwa chuma kizuri. Tatizo la Reli ya Kusini halikuwa chuma.

Wako watakaosema, ah, wale walikuwa wakoloni, hawakuitaka kusini iendelee. Mimi siamini hivyo, na nawaomba msijifariji kwa maneno hayo. Waliitaka karanga kwa moyo wao wote. Kosa lao lilikuwa kujenga reli ya mzigo mmoja, mzigo ambao haujaota hata shambani, na kuijenga peke yake, haishikani na reli nyingine yoyote ya nchi. Mzigo mmoja, na reli iliyo kisiwani. Shikeni hayo mawili, nitayarudia.

Tuje kwenye mzigo wetu wa leo. Mtu akikuuliza kusini kuna mzigo gani, unasema nini? Korosho! Nimesikia. Haya, tupige hesabu, na wanafunzi mnisahihishe. Msimu wa 2017/18 nchi yetu ilivuna korosho zaidi ya tani 300,000, na sehemu kubwa ikatoka mikoa hii miwili. Chukua behewa la tani 40. Funga mabehewa 20 nyuma ya kichwa kimoja. Hiyo ni treni ya kawaida tu ya reli ya zamani, tani 800. Laki tatu gawanya kwa 800. Ngapi? Treni 375. Yaani korosho yote ya Tanzania, ya Mtwara, ya Lindi, ya Ruvuma, ya Pwani, punje zote, ni treni moja kwa siku kwa mwaka. Moja! Nayo haiji kwa mwaka, inakuja kwa miezi mitatu minne, minada ikianza Oktoba. Baada ya Februari reli inakula nini? Na hapo nimewapa korosho yote, hata ya Mkuranga, ambayo haitaiacha Dar es Salaam ikaja kupakiwa Mtwara.

Naona nyuso zimebadilika. Msikasirike. Hata mimi ni mkulima wa korosho, na mikorosho yangu naipulizia salfa kama ninyi. Lakini korosho peke yake haiwezi kulisha reli. Ni kitoweo. Ugali ni mwingine.

Ugali wenyewe unaotajwa uko Ludewa. Makaa ya mawe ya Mchuchuma, ambako akiba iliyopimwa ni tani milioni 428. Chuma cha Liganga, tani milioni 126. Ukichimba Mchuchuma tani milioni 4 kila mwaka utakwenda zaidi ya miaka 100. Hicho ni chakula. Ndiyo maana mpango wa serikali wa reli ya kusini, ile ya geji ya kisasa kutoka hapa Mtwara hadi Mbamba Bay, karibu kilomita 1,000, una matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Bila matawi hayo hakuna hesabu itakayosimama, na ndiyo maana pia mpango umekaa kwenye meza miaka mingi: reli inaisubiri migodi, na migodi inaisubiri reli.

Lakini hebu nirudi nyuma kidogo. Nilisema kosa la kwanza ni nini? Mzigo mmoja. Sasa tukijenga reli ya makaa tu, tumefanya nini tofauti na watu wa karanga?

Mnakumbuka mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya makaa duniani, malori yalishuka kutoka upande wa Songea hadi bandarini hapa, usiku na mchana, mpaka barabara ikalia. Kuna mama lishe mmoja wa Mangaka, nilikula kwake. Akaniambia yeye hahitaji kusikiliza taarifa ya habari. Bei ya makaa huko Ulaya anaijua kwa masufuria. Ikipanda, anapika wali masufuria mawili makubwa na saa nane umekwisha. Ikishuka, wali unabaki, anakula na wanawe jioni. Huyu mama ana biashara ya mzigo mmoja. Ana sufuria mbili na jiko, anaweza kuhama. Reli ya kilomita 1,000 itahamia wapi?

Kwa hiyo swali linakuwa hivi: treni ya makaa ikishafika Mtwara ikamwaga, inarudi na nini? Hapo ndipo faida ya reli hulala, kwenye safari ya kurudi. Na hapo mimi nina matumaini kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu sisi tunavyo vya kurudisha. Mbolea: wakulima wa mahindi wa Ruvuma wanaihitaji kwa maelfu ya tani, na inaweza kushuka bandari hii. Saruji: kiwanda kiko hapa hapa. Mafuta ya dizeli. Chumvi yetu. Bidhaa za kuvuka Ziwa Nyasa kwenda Malawi, na serikali imekwisha kuanza kujenga bandari ya kisasa Mbamba Bay. Mahindi yenyewe ya Songea yakishuka, ufuta na mbaazi zetu zikiingia katikati. Hiyo sasa ni sahani. Sharti lake kila kimoja kiwe na mtu wake, na ghala lake kando ya reli, na mkataba wake, kabla taruma la kwanza la kubebea vyuma halijalazwa.

Nawaona madereva kule nyuma mmekunja mikono. Mnasema mzee huyu amekuja kutunyang'anya mkate. Nitasema ukweli. Treni ile ya tani 800 ni kazi ya malori kama 27 ya tani 30. Safari ndefu ya Songea hadi Mtwara kwa mzigo mzito, reli ikija itaichukua, sitawadanganya. Lakini treni haiingii Kitangali kuchukua magunia kwenye ghala la chama cha msingi. Haiendi Chiungutwa wala Mnacho. Kila tani itakayopanda behewa lazima iletwe stesheni na gari la mtu. Mwenye lori mwenye akili aanze sasa kuuliza stesheni itakaa wapi.

Niwapeleke sasa ndani ya reli yenyewe, kwa sababu watu wengi wanadhani reli ni vyuma viwili na treni juu yake. Nchi yetu ina mtandao wa Shirika la Reli Tanzania, TRC, kilomita 2,700 hivi za geji ya mita: Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam 1905 wakaifikisha Kigoma 1914, njia ya Mwanza, ya Mpanda, na ile ya Tanga hadi Arusha. Shirika lilizaliwa 1977, reli ya pamoja ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Karibu mtandao wote huo ni njia moja. Njia moja, treni mbili zinatazamana. Mnaelewa maana yake? Stesheni masta wa hapa haiachii treni mpaka mwenzake wa mbele amkubalie kwamba njia ni tupu. Treni mbili hupishana stesheni tu. Kwa hiyo treni moja ikiharibika kilomita kumi kutoka stesheni, huko nyuma zinasimama tatu, nne, na abiria wananunua miwa dirishani wakimlaani stesheni masta ambaye hana kosa lolote. Nimelaaniwa sana mimi. Kwa lugha zote za Reli ya Kati.

Halafu kuna watu msiowaona kabisa. Kuna genge la njia. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha chuma, wanatembea juu ya mataruma na nyundo za mpini mrefu. Mmoja anagonga boliti na anasikiliza. Anasikiliza tu. Boliti iliyokaza inalia sauti moja, iliyolegea inalia nyingine, ya kukwaruza. Anaikaza, anasogea. Mwingine anaangalia kokoto: zimeshuka wapi, maji yamepita wapi, kalavati limezibwa na nini. Nilimfahamu nyapara mmoja aliyekuwa akilala kifudifudi juu ya njia, shavu kwenye chuma, jicho moja limefumbwa, anaitazama reli inavyokwenda mbali. Akiinuka anasema, "Pale kwenye mti wa tatu imezama." Mnakwenda na kipimo, imezama kweli.

Mtu huyo akikosa mshahara, reli yote iko mashakani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye reli ukuta wenyewe ni bei ya daraja. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilipoipiga Kilosa, mto ulilibeba tuta, vyuma vikabaki vinaning'inia hewani na mataruma yake, na Reli ya Kati ikakatika kwa miezi. Mzigo haukusubiri. Ulihamia barabarani, na mzigo ukishahama, kuurudisha ni kazi ya miaka. Na kuna gharama isiyohesabika kwa shilingi: tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani bila kuzuilika ikagongana na treni ya mizigo. Waliokufa ni zaidi ya 280. Kila ninapozungumza habari za breki na matunzo huwa nawakumbuka hao.

Tulijaribu na njia nyingine. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya ubia, TRL, RITES ya India ikiwa na hisa 51 kwa mia na serikali 49, mkataba wa miaka 25. Miaka 25 haikufika. Mwaka 2011 serikali ilizirudisha hisa. Mimi sina ugomvi na mwekezaji wa nje kwa kuwa wa nje. Ila utaratibu wenyewe uliitenga njia na treni: vyuma vya kampuni moja, mabehewa ya kampuni nyingine. Boliti ikilegea ni ya nani? Sheria ya Reli ya 2017 ilizirudisha chini ya paa moja, TRC ya sasa, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la busara kuliko kununua vichwa kumi vipya.

Na angalieni uzuri wa kuacha vyuma mahali pake. Treni ya abiria ya kaskazini ilikuwa imelala zaidi ya miaka 20. Miti imeota katikati ya njia, watu wamejenga vibanda. Desemba 2019 treni ikaingia tena Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Waliifyeka, wakabadilisha mataruma, wakatengeneza madaraja, ikaenda. Kwa nini sisi hatuwezi kufanya hivyo kati ya Mtwara na Nachingwea? Kwa sababu yetu haikuachwa ilale, iling'olewa. Kilichobaki ni tuta na kengele za shule.

Sasa kosa lile la pili. Kisiwa. Nchi hii ina reli za geji tatu, na wengine humu hamjui. TRC ya zamani, milimita 1,000. TAZARA, ile ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, vidole vinne vya mkono wako. Kwa vidole hivyo vinne, behewa la Kigoma haliwezi kwenda Mbeya. Reli hizo mbili zinakutana Kidatu, na pale Kidatu mzigo unashushwa huku unapakiwa kule. Nimesimama pale nikatazama kontena likinyanyuliwa kutoka upande huu, likikaa hewani, likishuka upande ule. Kazi nzuri imefanyika, jasho limetoka, na mzigo haujasogea mbele hata hatua mia.

Ya tatu ni SGR, reli ya geji ya kisasa, milimita 1,435. Hiyo mnaijua. Juni 2024 ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro, Julai ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua. Inakwenda kwa umeme, mpaka kilomita 160 kwa saa. Binamu yangu wa Masasi alikwenda Dodoma kwa shughuli ya kanisa. Alirudi hazungumzi kanisa, anazungumza treni. "Chini ya saa nne kaka! Na choo ni kisafi!" Nikamuuliza na kutoka Masasi mpaka Dar ulitumia saa ngapi? Akanyamaza.

Reli inayopangwa kwetu ni ya geji hiyo hiyo, na hilo ni jema, maana behewa na kichwa na fundi vinaweza kuwa vya familia moja. Lakini chukueni ramani. Inatoka Mtwara inakwenda Mbamba Bay. Inaigusa wapi SGR ya Dar es Salaam? Haiigusi. Inaigusa wapi TAZARA? Haiigusi. Ina maana kichwa chake kikiharibika hakiwezi kukokotwa kwenda karakana za SGR ya Dar es Salaam. Lazima karakana iwe hapa, mafundi wawe hapa, vipuri viwe hapa. Hilo linaweza kuwa balaa, na linaweza kuwa ajira za watoto wetu, inategemea limeandikwaje kwenye mkataba. Nyie wanafunzi wa ufundi, ningekuwa na umri wenu ningeanza kujifunza umeme wa treni leo.

Kuna watakaoniuliza, kwa nini tusivute reli kwenda Dar moja kwa moja? Nawaelewa. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara kule Somanga, mabasi yalilala njiani, mafuta ya gari yakawa hadithi, na sisi tukakumbushwa kwamba kusini yote inaning'inia kwenye barabara moja. Uchungu huo ni wa kweli. Lakini reli inayopita mabonde yale yale bila madaraja na makalavati ya kutosha itakatwa na maji yale yale. Kilosa nimewaambia. Na Mtwara hadi Dar kuna bahari. Kwa mzigo mzito, reli itashindana na meli, na meli haihitaji kokoto.

Ndugu zangu, nimeambiwa muda umekwisha. Niseme ninalotaka mfanye. Wataalamu wa upembuzi wakija tena kwenye vijiji vyenu, msiwaulize inakuja lini. Waulizeni stesheni ya mizigo itakuwa kijiji gani, na ina eneo la maghala au ni jukwaa la abiria tu. Waulizeni behewa lililofunikwa, la korosho na mbolea, yapo mangapi, au yote ni ya wazi ya makaa. Waulizeni nauli ya tani kwa kilomita itapangwa na nani, na mkulima mwenye tani 40 atapata nafasi au treni ni ya mgodi peke yake. Waulizeni maji ya mvua ya shamba lako yatapita wapi tuta likishainuka. Na mwenye shamba kwenye njia, hesabu mikorosho yako mwenyewe mapema, mti kwa mti, iandike na umri wake, upige picha, mwenyekiti wa kijiji aweke sahihi. Usisubiri mthamini akuhesabie.

Viongozi wa vyama vya msingi, ninyi nina ombi lenu peke yenu. Mna takwimu za maghala yenu za miaka mingi: tani ngapi zimeingia, zimetoka mwezi gani, zimekwenda wapi. Ziko kwenye madaftari, nyingine zinaliwa na mchwa. Zikusanyeni. Hizo ndizo karatasi ambazo mwekezaji wa reli huzitaka kabla ya kutoa hata senti, na hakuna mtu wa Dodoma atakayekuja kuziandika kwa niaba yenu.

Nimemaliza. Asanteni kwa kunivumilia. Mzee wa kofia pale alikuwa ameinua mkono tangu niliposema Ruo, na nadhani anataka kunisahihisha, maana yeye ameipanda ile treni na mimi nimesimuliwa. Mpelekeeni kipaza sauti tafadhali.